Aliyeitikia Makaburini

Mzee Anicet hakuwa na nchi. Hakuwa na saa ya mkono, wala meno mawili ya juu, wala cheti cha shule ya mchana, maana kusoma na kuandika alijifunza darasa la jioni, kwa taa ya chemli, akiwa mtu mzima mwenye mvi. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, yeye ambaye baba yake, kule ng'ambo ya mto Malagarasi, alijulikana kwa ng'ombe wake kabla ya kujulikana kwa jina. Hakuwa na redio inayosema. Hakuwa na jirani wa kumwachia ufunguo. Na tangu mwanzo wa Novemba mwaka ule wa 1996, hakuwa na mjukuu anayeitika akiitwa.

Mjukuu mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, darasa la sita, mrefu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa walimu wake wawili. Katika makazi yote ya Katumba alijulikana kwa jina la Gaudiose, mtoto wa Pacifique, mwana wa mzee, na mkewe Theopista. Ghafla akaacha kuitika. Ukimwita anaendelea kupepeta maharage kama vile umemwita mtu wa kijiji kingine. Alihamisha mkeka wake akawa analala jikoni karibu na mafiga. Msichana mwenzake alipomfuata kisimani akimwimbia "Gaudi, Gaudi, Gaudi kiziwi," alimng'ata bega mpaka damu ikatoka.

Mwalimu mkuu akamwita mzee shuleni.

"Mzee Anicet, binti yako nakaribia kumfuta."

"Kwa kosa gani?"

"Utoro."

"Mtoro! Si yule pale dirishani? Namwona kisogo."

"Na mimi namwona. Lakini nikiita jina hasemi 'nipo'. Asiyesema 'nipo' naandika hayupo. Januari majina ya darasa la saba yanakwenda wilayani. Sitapeleka jina la mtu ambaye kwenye daftari langu hajaonekana mwezi mzima."

Mzee alimheshimu mtu anayefuata utaratibu, hata utaratibu ukiwa wa kijinga.

"Kuna mama mmoja parokiani Mpanda, kule Makanyagio," mwalimu akaendelea. "Anaitwa Romana. Mfipa. Amesaidia mabinti wengi wa namna hii. Ila yeye haongei na mtoto peke yake. Anataka familia nzima ikae."

"Familia nzima imefanya nini?"

"Hakuna aliyesema imefanya kitu, mzee."

"Basi kwa nini anaitaka nzima?"

Njia yote ya kurudi nyumbani mzee alikuwa akilitafuna neno hilo. Familia nzima. Katika maisha yake, kila aliyetaka familia nzima ikae mbele yake alikuwa anahesabu watu, na baada ya kuhesabu huja lori. Mwaka ule watu walikuwa wakinong'ona kwamba huko Kigoma wasio na karatasi wanakusanywa wavushwe mpaka. Hakujua kama ni kweli. Alijua tu kwamba nyumbani kwake kulikuwa na mtu mmoja ambaye hesabu ikifanywa vizuri angebaki nje yake.

Mtu huyo alikuwa binti.

Gaudiose wa kweli, mtoto wa Theopista, alikufa kwa surua miaka kumi na miwili nyuma, akiwa na miaka mitatu. Kabla kifo hicho hakijapelekwa ofisini, akatokea Lidia, binti mkubwa wa mzee, aliyekuwa amepotezana na wenzake walipokimbia Burundi. Alipita porini bila kibali wala mapokezi, mgonjwa, na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Mtoto huyo aliitwa Aurélie. Lidia alifariki kabla mvua hazijakatika. Mzee akaona pengo kwenye kadi ya familia na mtoto wa kulijaza, miaka ile ile, jinsia ile ile. Akaamua. Kifo hakikuandikishwa. Aurélie akaingia katika jina la Gaudiose kama mtu anavyoingia katika nguo ya ndugu yake, na mzee akaagiza kwamba jina la zamani lisitamkwe tena, hata kitandani. Binti akakua akijua kwamba kaburi la Lidia ni la shangazi yake, na lile dogo la pembeni ni la mtoto fulani wa ukoo.

Theopista hakuzaa tena.

Akakubali, ili binti asifutwe shuleni. Siku moja kabla ya kwenda Mpanda, mzee aliwaketisha wote sebuleni mchana, akafunga mlango na kupachika ubao dirishani. Akajifanya ndiye mama wa Makanyagio.

"Huyu binti ni nani?"

"Gaudiose," akasema Pacifique.

"Alizaliwa wapi?"

"Hapa hapa Katumba."

"Hapana! 'Hapa' mbili za nini? Mtu mkweli anasema hapa mara moja. Bibi, wewe. Ana tatizo gani?"

Libérate, mkewe, alikuwa akichambua mchele. "Ana tatizo la babu yake."

"Libérate, si wakati wa mchezo."

"Mzee huyu," bibi akamwambia mchele wake, "hata ndoto ikimjia anaiomba kitambulisho kwanza."

Pacifique akacheka, akaona uso wa baba yake, akaacha.

"Jibu ni hili, na ni la wote," mzee akasema polepole, kama mwalimu wa imla. "Mtoto alikuwa mzima, amepata homa kali mwezi wa kumi, masikio yameziba kidogo, atapona. Semeni."

Wakasema. Wakarudia. Watu wa nyumba ile walikuwa na mazoezi. Tangu walipovuka mpaka walikuwa wakienda ofisini na jibu moja, kwa sababu familia ikijibu majibu mawili huambiwa si familia moja. Theopista peke yake midomo yake ilicheza bila sauti.

"Mama Gaudi, sikusikii," mzee akamwambia, kwa jina ambalo makazi yote yalimwita.

"Nimesema, baba."

Binti alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, akiwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemfundisha jibu. Wa kumfundisha nini, naye haitikii?

Kwenye kibali cha kutoka makazini mzee aliandika sababu ya safari kuwa macho yake mwenyewe. Walipanda lori la mahindi. Kulipopambazuka vizuri walikuwa Makanyagio, wakipangusa pumba kwenye nguo, mbele ya jengo dogo nyuma ya parokia.

Bi Romana alikuwa mama mnene wa makamo, amejifunga kitenge kimoja na kujitanda kingine. Aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa amechemsha chai ya maziwa, na hilo mzee hakulipenda. Maziwa mengi namna ile hayatolewi bure. Viti vilipangwa mviringo, na hilo pia hakulipenda, maana alishindwa kujua kiti cha mkubwa ni kipi. Alichagua cha karibu na mlango. Kisha akatafuta kalamu ya yule mama. Juu ya meza hakuna. Mkononi hakuna. Hakuna hata karatasi. Mtu anayeandika unaweza kuona anaandika nini. Asiyeandika anabeba yote kichwani, na kichwa hakipekuliwi.

"Karibuni sana. Nani aanze?" Bi Romana akauliza.

"Mtoto alikuwa mzima," akasema Pacifique haraka. "Amepata homa kali mwezi wa kumi, masikio yameziba kidogo, atapona."

"Pole. Na bibi anaonaje?"

"Alikuwa mzima," akasema Libérate akitazama dari. "Homa kali mwezi wa kumi. Masikio yameziba kidogo."

"Atapona?"

"Atapona."

Bi Romana akamgeukia mzee. Mzee, naye akiwa ameona tayari kosa lao, hakuweza tena kulibadili. "Masikio," akasema. "Yameziba. Kidogo."

"Nimefurahi kuona familia inayosikilizana hivi," akasema Bi Romana. Mzee alimtazama aone kama anawadhihaki. Uso wa yule mama ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungi, na mzee akazidi kumwogopa.

"Binti simuulizi kitu leo," mama akaendelea. "Yeye apumzike, ameulizwa sana. Nawaomba nyie tu. Kila mmoja amwite kama anavyomwita nyumbani asubuhi, akimtaka jambo. Asipoitika si neno. Nataka nisikie sauti ya nyumbani kwenu."

"Ni ya nini hiyo?" mzee akauliza.

"Ya kusikia tu, mzee wangu."

Libérate akaanza, bila aibu, kama yuko uani: "Gaudi! Gaudi we! Kuku wameingia kwenye unga!" Hata binti midomo ikamcheza kidogo.

"Gaudiose, lete maji ya kunawa," akasema Pacifique.

"Gaudiose," akasema mzee, kavu.

Ikafika zamu ya Theopista. Aliweka kikombe chini. "We mtoto," akasema. "Njoo."

"Ndivyo unavyomwita asubuhi?"

"Ndiyo."

"Na jioni?"

"We mtoto. Au… binti."

"Na jina lake?"

Theopista akakiinua tena kikombe. Pacifique akageuka kumtazama mkewe taratibu, kama mtu anayegundua kwamba nyumba aliyoijenga mwenyewe ina chumba asichokijua. Miaka kumi na miwili, wakila pamoja, na hakumbuki kumsikia akilitaja jina hilo hata mara moja.

"Ameshaliita," ikasema sauti nyingine.

Ilikuwa sauti ya binti, imekauka kwa kukaa bila kutumika.

"Siku ya Marehemu Wote. Tulikwenda kupalilia makaburi. Mimi nilikuwa nyuma na jembe, kwenye kaburi la shangazi Lidia. Mama alipiga magoti kwenye lile dogo. Akaita, 'Gaudiose. Gaudiose wangu.' Sijawahi kusikia ananiita hivyo. Nikaitika. Nikasema, 'Abee, mama.' Nilikimbia, nikaangusha jembe. Mama akageuka akasema, 'Sikukuita wewe.'"

Theopista alijifunika uso kwa kanga.

"Sasa nikiitwa, najua si mimi," binti akasema. "Naitikaje jina la mwenyewe na mwenyewe yuko pale?"

Mzee alisimama. Kiti kikaanguka. "Mkutano umekwisha. Pacifique, chukua mfuko. Twende!"

Pacifique hakuchukua mfuko. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Nimesema twende!"

"Nenda wewe ukapunge hewa," Libérate akamwambia, na sauti yake haikuwa ya mchezo.

Mzee akatoka. Alitembea hadi kwenye njia, akatazama pande zote. Mwanamke mmoja alikuwa akiuza vitumbua. Kwa nini akae hapo, mbali na soko? Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, na mwenyewe haonekani. Mzee akazunguka jengo kimya kimya mpaka chini ya dirisha la chumba, akajibanza ukutani kusikiliza yule mama atauliza nini sasa, baada ya kuwapata. Atauliza walivukia wapi. Atauliza kadi.

Bi Romana hakuuliza kitu. Aliyeuliza ni binti.

"Huyo mwenzangu alikuwaje?"

Ikaja sauti ya Theopista, polepole, kama mtu anayefungua fundo kwa meno. "Alikuwa mchoyo. Ukimpa ndizi anaificha kwapani. Alikuwa anaogopa batamzinga wa jirani. Akicheka anapata kwikwi. Alipokufa alikuwa ana… alikuwa ameshika sikio langu. Hivi. Ndiyo ilikuwa tabia yake, kulala ameshika sikio." Akalia wazi wazi, kilio ambacho nyumba ile haikuruhusiwa kukisikia hata wiki ya msiba, maana ukimlilia mtu, majirani huuliza nani amekufa.

"Sikukuchukia wewe," Theopista akasema. "Nilikulisha. Nilikuosha. Lakini jina lilikuwa lake. Kila mtu alilichukua akakupa, mimi nilibaki nalo kidogo pale kaburini tu. Ukaitika pale pia."

"Samahani, mama."

"Huna kosa, we mtoto. Huna kosa."

"Basi mimi naitwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Mzee alijua kwa nini. Yeye ndiye aliyepiga marufuku. Ndani mle kulikuwa na watu watatu wanaolijua jina na wote walikuwa wamekaa, pamoja na kilio chao chote, wakimngoja yeye. Wasingesema. Aliwafundisha vizuri. Angeweza kutembea mpaka stendi, akakaa, wangemfuata jioni, na jambo likaisha kama mambo mengine yalivyoisha. Na Januari lingekwenda wilayani jina la marehemu, au lisiende lolote.

Akatazama njia. Mama wa vitumbua alikuwa akihesabu vitumbua vyake. Mwenye baiskeli alikuwa amekuja akaichukua, mtu wa kawaida, amebeba kuku. Mzee akatazama tena kushoto, akatazama kulia, akajiinua kwa vidole vya miguu mpaka kidevu kikafika kwenye kizingiti cha dirisha. Akasema chini chini, kama mtu anayepitisha kitu cha magendo:

"Aurélie."

Binti akageuka.

"Aurélie," mzee akasema tena, na safari hii sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mtoto wa Lidia. Mtoto wa binti yangu."

"Abee, Sogokuru," binti akaitika, akimwita babu kwa lugha ya kwao.

Mzee aliporudi kwenye kiti chake, chai ilikuwa imepoa, ina utando juu. Aliinywa yote. Halafu akamgeukia Bi Romana. "Sasa umejua. Utampelekea nani?"

"Simpelekei mtu, mzee."

"Hukuniuliza karatasi zangu hata moja."

"Sikuzihitaji."

"Ndiyo maana nakuogopa. Anayeuliza karatasi najua anachotaka."

Bi Romana akacheka, cheko la kweli, la tumbo. "Niogope tu. Lakini mwezi ujao mje tena wote. Kuitika mara moja si kupona. Na huyu mama," akamwonyesha Theopista, "ana msiba mbichi. Mkifika nyumbani mwacheni alie."

Walimwacha. Majirani walikuja kuuliza nani amekufa, na Libérate akawajibu mlangoni, "Mjukuu wangu," akawaletea mkeka wakae. Mzee alisikia akiwa chumbani na akangoja mtu atoke mbio kwenda ofisini. Walikaa mpaka jua linazama, wakasema pole, wakaenda kupika.

Asubuhi yake mzee alivaa shati la kanisani, akakaa mezani. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya kumwandikia mkuu wa makazi, lakini hakutaka kuandika. Alisema wazi mbele ya wote: Mkuu wa makazi anaweza kuikata kadi. Anaweza kumwita binti mgeni asiye na kibali. Anaweza kumwita yeye mwenyewe mwongo wa serikali, na hapo atakuwa amesema sawa.

"Usipoandika?" Pacifique akauliza.

"Atasoma kwa jina la marehemu, au asisome."

"Mimi sitasoma kwa jina lake," binti akasema. Alikuwa amekaa karibu na Theopista, si karibu sana. "Kama kufutwa, wanifute mimi."

Mzee akamtazama. Akaona kichwa kilivyoinuliwa, akakijua. Kilikuwa kichwa chake mwenyewe. Akashika kalamu.

Aliandika na kusoma kwa sauti. Alipofika kwenye habari za binti, Theopista akanyoosha mkono. "Hapana, baba. Anza na wangu. Andika kwanza kwamba Gaudiose amekufa. Huyu afuate."

Mzee hakuzoea kusahihishwa na mkwe. Alitazama karatasi safi iliyobaki, akaona inatosha, akaanza upya. Aliandika kwamba Gaudiose binti Pacifique alifariki kwa surua na amezikwa Katumba. Kwamba Lidia binti Anicet alifariki vilevile. Kwamba Aurélie, mtoto wa Lidia, yupo, ni mzima, na anaomba kuandikwa. Kwamba aliyeficha ni Anicet peke yake, wengine walimtii. Akaweka sahihi yake ndefu ya darasa la jioni, yenye mkia.

Ofisi ya mkuu wa makazi ilikuwa umbali wa kusikia jogoo. Bi Romana alikuwa amejitolea kuja kuwasindikiza, na karani wa ofisi ile alikuwa mtu mwema. Mzee hakumtaka yeyote kati yao. Alimchukua binti, wakapanda lori, wakapita mbele ya mlango wa ofisi ile ile inayoandikiwa, wakaenda mpaka posta ya Mpanda.

"Ya rejista," akamwambia karani wa posta.

Karani akasoma anwani. "Mzee, hii si inarudi kule kule mnakotoka? Ungeipeleka kwa mkono."

"Mkono wa nani?"

Karani akamrudishia bahasha. Mzee alitoa mfukoni tonge dogo la ugali alilolifunga kwenye jani la mgomba, maana gundi ya bahasha za dukani hakuiamini. Akampa binti. Aurélie akalipaka mdomoni mwa bahasha, akaukunja, akaubana kwa kidole gumba kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila haraka.

"Jina la mtumaji?" karani akauliza.

Mzee alifungua mdomo. Binti akawahi. Akataja la babu yake na lake mwenyewe, na hilo la pili akalitamka herufi kwa herufi kwa sababu ya ile alama ya juu. Karani akagonga mhuri, akaitupa barua kwenye mfuko pamoja na nyingine.

Mzee alisimama pale dirishani, stakabadhi mkononi, na hakuondoka mpaka alipoona mfuko umefungwa kamba na kuchukuliwa.